Maji Juu ya Mafuta: Risala ya Wapangaji wa Nyumba za Blasio, Bwera

Mgeni rasmi, Afande Onen wa zimamoto uliyetoka Kasese, viongozi wa kanisa na wa msikiti, na majirani wote: tunawasalimu kwa heshima.

KARIBU

Sisi ni wapangaji wa vyumba kumi na viwili vinavyotazamana. Risala hii tumeiandika siku tatu na bado hatujakubaliana. Utuvumilie ikipinda.

YALIYOTUPATA

Mwezi uliopita, mchana, Bi Asmah alikuwa akikaanga sambusa za kuuza, sigiri ya makaa ikiwa mlangoni kwake. Mafuta yakashika moto. Mimi Ronah, katibu ninayesoma, ndiye niliyepiga kelele: "Mayi! Mulete mayi!" Mzee Zedekia, fundi viatu, akakimbia na ndoo, akamwaga. Moto ukaruka mpaka juu ya mlango. Ukamchoma Asmah mkono, na Mzee Zedekia uso. Yunia, mpangaji mwenzetu, akafunika karai la mafuta kwa sinia, moto ukafa. Tulipomuuliza amejifunza wapi, alisema, "Sikujua kitu. Nilikuwa sitaki kuuona huo moto tu."

TULIYOFANYA

Kila mlango una ndoo ya mchanga. Badiru wa bodaboda ameondoa jerikeni ya petroli chini ya kitanda chake. Sigiri haiingizwi ndani tena, hata mvua ikinyesha.

YANAYOTUCHANGANYA

Tangu utoto tuliambiwa moto huzimwa na maji. Basi wiki iliyofuata godoro la jirani yetu Nasif liliposhika moto kwa mshumaa, tuliogopa maji. Tulisimama tukibishana, ndoo za maji mikononi, mpaka godoro likaisha lote. Afande, ni moto upi unaotaka maji, na upi hautaki? Wa waya za umeme je? Na vyuma vya madirishani tulivyoweka kuzuia wezi, siku ya moto sisi tutatokea wapi?

MAOMBI

Kwanza, utufundishe kwa vitendo, kila mmoja ashike kifuniko kwa mkono wake.

La pili ndilo lililotushinda kuandika. Mzee Zedekia hatusalimii tena. Anapita nyuma ya vyoo asikutane na Asmah. Baadhi yetu wanasema alimuunguza mtoto wa watu. Wengine wanasema alikuja kumwokoa. Asmah mwenyewe alitukaripia kikaoni: "Wengine walikimbia. Huyu muzee alikuja. Mumuache!" Mzee akajibu, "Lakini ni mimi nilimwaga," akatoka.

Leo amekuja. Ameketi benchi la mwisho, ameshusha kofia usoni. Sisi hatujui tumwambie nini. Afande, wewe unaujua moto. Kabla hujaanza mafunzo, tunakuomba uende ukae naye kidogo. Sisi tutangoja.

Mungu aliyekufikisha salama akulinde wewe na wenzako katika kila nyumba mnayoingia watu wanapotoka.

Ni sisi,
Wapangaji wa Nyumba za Blasio, Bwera.