Linus Mwakio na Swichi Kumi za Ukumbi wa Hayes

Pasta Norbert, wazee wa kanisa, shemeji zetu, ndugu wa Taita mnaotufuatilia kwa simu, na ninyi nyote mliopanda basi na treni katika baridi hii: asanteni kwa kuja. Mimi ni Lorraine Wakesho, nesi, mkazi wa Croydon, kitinda mimba wa nyumba ya Mzee Mwadime. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu. Nimeambiwa nisome polepole na kwa huzuni. Polepole nitajaribu.

Najua baadhi yenu mmekuja na swali. Je, Linus alikufa Mkristo, au alikufa mtu wa Kabala, yale mafundisho ya siri ya Wayahudi? Tangu msiba utangazwe nimeulizwa hivyo kwenye simu, kwenye foleni ya duka, hata na mama mmoja aliyeniletea chapati mlangoni. Sitajibu sasa. Sikilizeni kwanza.

Marehemu Linus Mwakio Mwadime alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika kijiji cha Wusi, Taita, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Jonathan Mwadime na marehemu Mama Rahel Wawuda. Alibatizwa huko huko akiwa mchanga. Alipokuwa na miaka saba aliifungua tochi ya baba ili aone mwanga unakaa wapi wakati tochi imezimwa. Hakuuona, na tochi haikuwaka tena. Baba alimchapa, kisha akamwuliza amejifunza nini. Linus, kamasi na machozi vikimtiririka, akajibu, "Labda hujificha, baba." Mzee alicheka mpaka akamwachia ile tochi mbovu iwe yake.

Alisoma Shule ya Msingi ya Wusi kuanzia mwaka 1976, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1986, kisha akajiunga na chuo cha ufundi Mombasa, alikohitimu ufundi wa umeme mwaka 1990. Walimu wake walilalamika jambo moja tu: anauliza maswali kabla swali la kwanza halijajibiwa. Mimi niliyelala naye chumba kimoja utotoni naweza kuthibitisha. Usingizi wangu mwingi uliliwa na "Lorraine, unadhani..."

Aliingia London tarehe 9 Novemba 1999. Alianza kwa kupakia mizigo kwenye bohari hapa Hayes, akafanya mitihani ya ufundi ya nchi hii, na hatimaye akaajiriwa kutunza taa uwanja wa ndege. Siku ya kwanza alinipigia simu akipiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu: "Ndege zinatua kwa taa zangu!" Nilimwambia rubani naye ana mchango wake.

Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na Teresia Mghoi, mlezi wa wazee, aliyekuwa akiishi Kilburn. Walikutana Linus alipokwenda kutengeneza hita ya nyumba aliyopanga Teresia. Aliitengeneza. Akarudi wiki iliyofuata kuikagua. Akarudi tena. Mara ya nne Teresia akasimama mlangoni akamwambia, "Hita ni nzima. Wewe ndiye uniambie shida yako ni nini." Walibarikiwa watoto wawili, Emma na Ian.

Haya, sasa tumefika mahali mnapopasubiri.

Mwezi Oktoba 2016, Linus akiwa na miaka arobaini na saba, alipata kazi ya kubadilisha nyaya katika nyumba ndogo ya masomo ya Wayahudi kaskazini mwa jiji. Alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, na chini yake mwalimu mmoja alikuwa anafundisha darasa la watu wazima. Mwalimu akasema kwamba hapo mwanzo nuru ya Mungu ilimiminwa ndani ya vyombo, nayo ikawa nyingi mno, vyombo vikapasuka. Linus akatoa bisibisi mdomoni akauliza kutoka juu, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara: "Samahani, mwalimu! Hakukuwa na fyuzi?"

Darasa zima liligeuka kutazama dari. Mwalimu yule, Keren, ambaye yuko nasi leo mstari wa tatu, amevaa skafu ya bluu, alicheka mpaka akakaa. Kisha akamwambia ashuke asikilize.

Niwaeleze kama kaka yangu alivyonieleza, na nikikosea Mwalimu Keren atanisahihisha wakati wa chai. Kabala maana yake ni kupokea. Wanasema Mungu, kwa undani wake, hana jina linalomtosha, kwa hiyo humwita tu Asiye na Mwisho. Alikuwa amejaa kila mahali, basi akajikunja kidogo ili kuwe na nafasi ya ulimwengu na sisi tuliomo. Nuru yake hutushukia kwa njia kumi, toka Taji na Hekima huko juu, kupitia Rehema inayotoa na Nguvu inayozuia, mpaka chini kabisa kwenye Ufalme, ambao ndio dunia hii tunayolipia kodi ya nyumba. Vile vyombo vilipopasuka, cheche zilitawanyika kila mahali, na kazi ya mwanadamu ni kuziokota, kwa sala na kwa matendo yanayofanywa kwa nia. Kazi hiyo wanaiita kwa neno lao lenye maana ya kutengeneza.

Kutengeneza! Mnamjua Linus. Alinipigia niko wodini, sindano mkononi.

"Lorraine! Mungu anatafuta mafundi!"

"Nipigie baadaye, kaka. Nina mgonjwa hapa."

"Haiwezi kungoja. Dunia imepasuka!"

Mgonjwa wangu akaniuliza kama kuna habari mbaya. Nikamwambia hapana, ni kaka yangu amefurahi.

Alimwuliza Mwalimu Keren kama ni lazima awe Myahudi ndipo afundishwe. Jibu lake Linus alilirudia mara nyingi sana nyumbani kwao hata Ian akawa anaigiza sauti. "Mimi sitengenezi Wayahudi," Keren alimwambia. "Wapo wanaofundisha Kabala peke yake, wakisema haihusiani na dini yoyote. Mimi sifundishi hivyo. Kwetu ni moyo wa dini, na moyo hautolewi mwilini ukaendelea kudunda. Zamani mtu hakuruhusiwa kuigusa mpaka afike arobaini, awe na familia, na awe ameshika vizuri sheria ya kwao. Umri unao. Familia unayo. Dini yako je, umeishika?"

Linus akasema yeye ni mzee wa kanisa.

"Basi kaishike zaidi. Halafu Jumatano njoo usikilize."

Akaishika. Kuanzia hapo alifunga, alisoma Maandiko kwa kalamu mkononi, na jambo ambalo Wakenya wenzangu hapa mtaliona ni muujiza, alianza kufika ibadani kabla ya wakati. Jumatano darasani kwa Keren, Jumapili hapa. Hakuwahi kuvaa uzi mwekundu wa kinga, kama wafanyavyo baadhi ya wanaofuata Kabala, wala kununua maji ya baraka ya mtandaoni. Alisema mwanga hauuzwi kwa chupa.

Mwaka 2021 ukumbi huu ulipokuwa ukikarabatiwa, Linus alijitolea kuweka nyaya zote upya. Lile kabati la umeme pale nyuma ni mkono wake. Lina swichi kumi, na kila swichi akaibandikia jina: Taji, Hekima, Ufahamu, Rehema, na kuendelea hadi Ufalme, na chini ya kila jina akaandika kwa herufi ndogo inawasha nini. Rehema ni hita. Ufalme ni jikoni, kwa sababu, alisema, vyote vishukavyo huishia huko, na nilipoiona meza ya chapati nilikubaliana naye. Ile swichi kubwa ya juu, inayozibeba zote kumi, aliibandikia karatasi nyeupe isiyo na neno.

Ndipo minong'ono ilipoanza. Watu waliona kwamba kila Jumapili, tukianza Sala ya Bwana, hata siku anayoongoza yeye, Mzee Linus huinuka, hufungua kabati, huingiza mkono na kusimama hivyo midomo ikicheza mpaka amina. Wengine wakasema anaabudu swichi. Februari 2022 akaitwa kwenye kikao cha wazee.

Pasta Norbert, uliniruhusu kusema yote, basi nayasema. Ulimwuliza, kwa Kiswahili cha kwenu, "Mzee Linus, njo nini unafanyaka kule ndani ya kabati? Unaomba Mungu ao unaomba stima?"

"Naomba Mungu, Pasta. Kama ninyi."

"Basi toa ile majina."

"Lipi nitoe? Ufalme? Nguvu? Utukufu? Si tunayataja yote Jumapili tukimaliza sala?"

"Hata shetani anajua ile majina, mzee."

Wakamwambia achague: abandue majina au aache kuongoza sala. Alisema akiyabandua atakuwa amekubali ni mabaya, na hayakuwa mabaya. Kwa hiyo akaacha kuongoza. Iliniuma, na inaniuma bado. Kaka yangu alipenda kuongoza Sala ya Bwana kuliko alivyopenda chakula, na Linus alipenda chakula. Wengine wangehamia kanisa la pili. Yeye alikuja kila Jumapili, akakaa kiti cha mwisho karibu na kabati, na wakati wa sala akainuka kama kawaida yake.

Septemba 2024 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Nimefanya kazi hospitalini miaka mingi. Niliposikia jina la ugonjwa nilijua muda si mrefu. Nilimwuliza anataka nini. Akasema, "Sitaki maua. Nataka kusimama mbele pale mara moja tu, niongoze Sala ya Bwana, kanisa langu linijibu. Nisiende kama mgeni."

Jumapili ya tarehe 19 Januari mwaka huu, kwa mara ya kwanza, hakuweza kuja. Baridi ilikuwa kali, hita zote zinawaka. Pasta akaanza Sala ya Bwana, na Anne-Marie wetu, kama afanyavyo kila Jumapili ili chai iwe tayari tukimaliza, akawasha lile birika kubwa la umeme jikoni. Tukafika "usitutie majaribuni." Pa! Maiki kimya, kinanda kimya, hita zikafa. Sala ikakatikia hapo.

Pasta mwenyewe alikwenda kabatini na simu yake ya kumulika. Akasoma majina kwa sauti akitafuta iliyoanguka. Zote kumi zilikuwa juu. Iliyoanguka ilikuwa ile kubwa isiyo na jina. Akaiinua, ikaanguka. Akaiinua tena, ikaanguka tena.

"Inakataa!" akasema.

Emma, binti yao, akajibu kutoka kitini, na mnajua watoto wetu Kiswahili wanakisikia ila jibu ni la Kiingereza: "Dad turns the heater off first, Pastor. That's what he does in there. Every Sunday."

Kila Jumapili! Nyaya za ndani ni mpya, lakini umeme unaoingia jengo hili kuukuu hautoshi hita na birika pamoja. Linus alikuwa akizima hita kwa dakika chache ili chai ichemke na maiki isife. Sisi wanne wa mstari wangu tulitazamana tusijue tucheke au tulie. Mimi nilifanya yote mawili.

Pasta akashusha Rehema, akainua ile kubwa, stima ikarudi. Lakini hakutoka. Alibaki vile vile, mkono ndani ya kabati, akaimalizia sala kutoka pale, na sisi tukaitikia. Ufalme, nguvu, utukufu: alikuwa ameyatazama macho kwa macho.

Jioni ile ile alikwenda nyumbani kwa Linus pamoja na wazee wawili.

"Mzee, ile kipindi yote ulikuwa unazima hita?"

"Ndiyo, Pasta."

"Sasa mbona haukusema?"

"Hukuniuliza habari za hita. Uliniuliza kama naomba Mungu." Kisha ule msisimko wake ukampanda, mgonjwa vile vile, akajaribu hata kuketi. "Sikiliza, Pasta! Yeye alijikunja kidogo tupate nafasi. Na mimi hukunja joto kidogo watu wapate chai. Nikilifanya kwa nia, hiyo si sala?"

Pasta alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba msamaha, na akamwomba aje aongoze.

Tarehe 26 Januari tulimleta kwa kiti cha magurudumu. Aliongoza Sala ya Bwana kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, nanyi mkamjibu mpaka madirisha yakatetemeka. Jumatano ya tarehe 12 Februari alimpigia Mwalimu Keren simu na kumwuliza swali. Teresia anasema walicheka wote wawili kabla jibu halijaisha. Kesho yake, Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, Linus alilala nyumbani kwake hapa Hayes, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Alikuwa na miaka hamsini na mitano.

Ameacha mjane, Teresia Mghoi, watoto wawili, Emma, ambaye sasa ni fundi umeme kama baba yake, na Ian, dada zake Nyambo na Lorraine, kaka zake wawili walioko Wusi na Voi, mwalimu mmoja, kanisa moja, na swichi kumi ambazo majina yake hayatabanduliwa. Hilo la mwisho wazee wamelipitisha kwa kauli moja.

Lala salama, kaka. Taa tutazima sisi.

Sasa tusimame kwa Sala ya Bwana. Hita zinawaka, na Anne-Marie yuko jikoni na birika lake. Tukianza, mtamwona Pasta Norbert akienda nyuma, akifungua kabati na kuingiza mkono. Wageni, msishangae. Anasali.