Mzee Punje na Kishikio cha Mlango wa Nyuma Kushoto

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, fundi wetu mkuu wa vipuri, ambaye sote tunamwita Mzee Punje, anatimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili katika karakana hii, na anastaafu. Meneja amenipa kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye karani wa oda na mwandiko wangu unasomeka. Alinisihi tu nisiingize habari za harusi yangu. Nitajitahidi. Niliolewa wiki sita na siku mbili zilizopita.

Kwa wageni wetu wa leo, hapa tunatengeneza magari ya zamani, yale yenye taa za mviringo na spoki kwenye magurudumu, lakini madogo. Kila kitu cha gari la kweli tunakigawanya kwa ishirini na nne. Gari zima linakuwa fupi kuliko sandali. Usukani unakuwa kama kifungo cha shati. Kishikio cha mlango kinakuwa sawa na punje ya mchele, na huko ndiko jina la Mzee lilikotoka. Kila kipuri kinachopita mezani kwake hukilaza kando ya punje ya mchele anayoitunza kwenye kiberiti. Punje hiyo ni ya tatu tangu aajiriwe. Mbili za kwanza zililiwa na panya, na Mzee aliandika taarifa rasmi mara zote mbili.

Alianza kama mpiga msasa. Mwaka wa tano alikabidhiwa mashine ya kukereza, na tangu hapo hakuna kipuri kilichomshinda. Daktari mmoja wa meno aliwahi kuleta malalamiko kwamba gari lake ni zuri, ila mlango haulii kama ulivyokuwa ukilia mlango wa gari la marehemu baba yake. Fundi mwingine angemwonyesha njia ya kutokea. Mzee Punje alimwomba aigize ule mlio. Daktari akauigiza, amesimama katikati ya karakana na mkoba wake kwapani, mara saba, mpaka Mzee akaridhika. Baada ya siku tisa za kukwaruza bawaba kwa tupa nyembamba, mlango ukalia. Daktari akaufungua, akaufunga, akatoa leso na kulia mbele yetu sote. Wiki iliyofuata alirudi kuomba mafuta, maana mke wake alikuwa halali.

Mzee Punje anaheshimu fomu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ukitaka kitu kwake, hata kama ni kuazima bisibisi, ujaze fomu ya oda. Na fomu yetu ina kisanduku cha kipimo, ambacho Meneja mwenyewe alitunga kanuni yake: kikiachwa wazi, kazi ifanywe moja kwa ishirini na nne. Ndiyo maana Meneja alipoagiza benchi la wageni, akasahau kisanduku, benchi lake lililetwa ofisini juu ya kisahani cha chai. Limepigwa vanishi vizuri sana. Wageni bado wanasimama.

Sasa niseme habari ya gari lake mwenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini Meneja ana wasiwasi leo.

Mzee Punje na mkewe walipelekwa kwenye ndoa yao na gari jeusi la baba mkwe. Miaka michache baadaye gari lile liliuzwa kama chuma chakavu. Mzee alikimbia hadi kule lilikokuwa likikatwakatwa, akafanikiwa kuokoa kipande kimoja tu, kishikio cha mlango kilichovunjika, cha shaba. Mwaka wake wa kwanza hapa kazini alianza kulitengeneza upya, dogo, wakati wa mapumziko ya mchana. Alimwahidi mkewe kwamba siku ya kustaafu atalileta nyumbani. Mama yule akaondoa vyombo juu ya kabati la sebuleni, akaacha nafasi. Nafasi hiyo iko wazi mpaka leo, na huifuta vumbi kila asubuhi.

Vishikio vinne vya gari lile Mzee alivikereza kutoka kwenye shaba ileile iliyookolewa. Aliharibu vingi kabla ya kupata vinne vilivyonyooka, na shaba ikaisha. Kilichobaki ni vumbi, nalo amelihifadhi kwenye chupa ya dawa ya macho. Miaka mitatu iliyopita alikuwa ameshabandika vitatu. Cha nne, cha nyuma kushoto, kilikuwa kwenye ncha ya kibanio chake, gundi imeshapakwa, wakati karani mpya wa oda alipoingia kujitambulisha. Vumbi la msasa likamwingia puani. Karani akapiga chafya.

Karani huyo ni mimi.

Wafanyakazi wenzangu mnaijua desturi yetu. Kitu kidogo kikianguka, aliyekiona hupaza sauti, “Kimeshuka!” Hapo hapo mashine zinazimwa, milango inafungwa, na kila mtu anapiga magoti mahali alipo, awe fundi au mkurugenzi au mteja. Hakuna kusimama mpaka mtu aseme, “Kimepatikana!” Mimi sikuijua. Nilidhani nimeingia kwenye sala. Nikapiga magoti nikafumba macho.

Nilipangiwa eneo la chini ya meza namba nne pamoja na fundi rangi. Nilikuwa natambaa na tochi mdomoni nikasikia sauti pembeni.

“Samahani dada, huu ni mguu wako au wa meza?”

“Wangu una kiatu, kaka.”

“Basi nimeung'ang'ania wa meza muda wote huu. Hasara gani hii!”

Meneja, najitahidi. Ila niseme ukweli, chini ya meza namba nne ndiko nilikojua kwamba kuna wanaume wenye kope ndefu zilizoingia rangi ya kijani, na wanaokuazima kitana chao uchane sakafu. Tulitafuta siku tatu, na mapumziko ya kula tu. Kishikio hakikuonekana. Siku ya nne Meneja akapiga kengele tukasimama bila mtu kusema “Kimepatikana”, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu karakana ifunguliwe. Mzee Punje hakunigombeza hata neno moja. Alinipa leso.

Tangu siku hiyo gari limesimama kwenye rafu yake na vishikio vitatu. Mwaka juzi Mzee alipaswa kustaafu, akaandika barua ya kuomba aongezewe muda. Sababu aliyoandika ni neno moja: kishikio. Mwaka jana hivyohivyo. Mwaka huu Meneja amemkatalia, naye amekwisha andika barua nyingine, iko mfukoni mwa koti lake hivi ninavyoandika. Mkewe amemwambia waziwazi kwamba amechoka kuwa mke wa mtu anayeonekana nyumbani saa kumi na mbili jioni. Yeye amejibu kwamba hatamletea gari bovu. Wanapendana sana, na hakuna anayekubali kushindwa.

Hapa, Meneja, nitaomba radhi, maana siwezi kuendelea bila harusi.

Tulihitaji gari la kutubeba, la zamani, na Mzee Punje anafahamiana na kila mwenye gari la zamani hapa mjini. Mchumba wangu, yule fundi rangi wa meza namba nne, akamwomba atutafutie. Bila shaka alijaza fomu: gari jeusi, milango minne, bibi na bwana wakae nyuma. Ana miaka kumi na mmoja ya kujaza fomu hizi, lakini alikuwa na mapenzi kichwani. Kisanduku cha kipimo akakiacha wazi.

Siku yenyewe, saa tatu asubuhi, nimesimama getini na gauni langu na shangazi zangu wanne. Mzee akaja na boksi la biskuti.

“Gari liko wapi, Mzee?”

“Hili hapa, binti yangu. Na taa zinawaka.”

Zilikuwa zinawaka. Kwenye kiti cha nyuma tulikuwa tumekaa mimi na mume wangu, vinyago viwili vidogo, nimeshika maua madogo kama chembe za chumvi, na mume wangu ana mwanya wake kama ulivyo. Shangazi mmoja alikaa chini barabarani. Mimi nilicheka mpaka wanja ukashuka. Basi tukaenda kwa miguu, dakika ishirini, Mzee mbele akilivuta gari kwa uzi mweupe, sisi nyuma, foleni ya magari makubwa nyuma yetu. Waliopiga honi aliwanyooshea mkono watulie. Askari wa barabarani alitusimamisha, akainama, akaisoma namba ya gari kwa muda mrefu, akapiga saluti. Hakuna bibi harusi aliyewahi kufika na msafara mzuri kama wangu, na atakayebisha aje ofisini.

Ukumbini Mzee aliliweka gari lile mezani petu, akagusa mlango wa nyuma kushoto kwa kucha. “Hili linavyo vyote vinne,” alisema. “Langu bado.” Nikageuka kumtazama mume wangu. Alikuwa amepauka.

Siku ya tatu ya ndoa, tukinywa chai, akaweka kikombe chini na kusema, “Mke wangu, nilikiona dakika ya pili.”

“Uliona nini?”

“Kishikio. Kilikuwa kwenye unyayo wa kiatu chako. Nikakiweka mfukoni.”

“Tukatafuta siku tatu!”

“Ningesema, ungesimama ukaenda zako.”

Baada ya hapo, alivyoniambia, kila siku iliyopita ilifanya kukiri kuwe kugumu zaidi. Alikitunza ndani ya nta, kwenye kifuniko cha kopo la rangi. Siku ya harusi alikuwa nacho mfukoni mwa koti, akitembea nyuma ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwibia.

Nilimnunia mpaka saa sita mchana. Sikuweza zaidi ya hapo. Kisha tukaenda wawili kwa mke wa Mzee, tukapiga magoti, tukajitayarisha kufukuzwa. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, akatazama ile nafasi juu ya kabati, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakaza uso.

“Msimpe kimyakimya,” alisema. “Mkimpa kimya atasema gundi haijakauka, atahitaji mwaka mmoja. Msomeeni haya yote mbele ya watu siku ya kumuaga, nami nitakuwepo.”

Ndiyo maana wasifu huu unasomwa kwa sauti, na Meneja anausikia kwa mara ya kwanza pamoja nanyi. Naomba feni izimwe. Naomba madirisha yafungwe. Mimi nimeshatoka, niko nje kwenye ngazi na leso puani, mume wangu ndiye anayewasomea.

Mzee wetu, asante kwa miaka thelathini na minne, kwa mlango uliolia, kwa benchi, kwa leso uliyonipa siku niliyostahili kufukuzwa. Mama aliyekaa kulia kwako ana kibanio na gundi ndani ya mkoba wake. Chini ya kiti chako kuna kiberiti. Kifungue taratibu. Ile barua iliyo mfukoni mpe Mama, atajua pa kuiweka.

Mume wangu anaomba msamaha wako. Mimi nimejaribu wiki zote hizi kujuta, na nimeshindwa kabisa.

Tunakuombea maisha marefu nyumbani, ya ukubwa wake kamili, yasiyogawanywa kwa ishirini na nne. Na nyote ambao mioyo yenu imebaki sakafuni tangu siku ile, simameni sasa.

Kimepatikana!