Mkono Begani mwa Mayala

Pembeni mwa duka la Pius la kuchapia picha, hapa Igoma, lipo benchi la mbao linalotosha watu wanne. Asubuhi hiyo tuliketi watatu. Nafasi ya Mayala, fundi cherehani, tuliiacha wazi; angezikwa kesho yake. Kahawa ilimiminwa, wala hakuna aliyetania. Mjane wake, Dorotea, alikuwa ametuachia kazi moja: picha kubwa ya kutangulia mbele ya jeneza. Iliyopatikana ni moja tu, ya harusi ya binti yao Gladness, na humo Mayala amesimama na mkewe.

— Mama Gladness mtoe — alisema Ngosha, tunayemwita Tume kwa kuchunguza kila jambo. — Mtu hai hatangulii jeneza.

Pius, kwenye kigoda mbele yetu, kompyuta mapajani, akakata. Mke akatoka, mkono wake ukabaki begani mwa mumewe.

— Kata tena, Pius. Mkono nao ni mtu.

Akakata hadi kidevuni, kisha akaukuza uso ujaze karatasi. Ukapasuka, ukawa vigae.

— Nukta zimebaki chache — alisema Pius. — Nikikuza siongezi nukta, natanua zilezile.

— Acha uoga, babu! — Huyo ni Okwach, fundi simu, jina la kijiweni Waya. — Kioo weka mwanga wa mwisho, niipige upya na simu yangu. Kamera yake hatari.

— Utapata picha safi ya vigae.

— Basi nirushie WhatsApp, nami nikurudishie.

— Huko inabanwa. Itarudi imekonda zaidi.

Tume akakohoa.

— Kuna programu ya akili mnemba. Ile inamkumbuka mtu.

— Inamkumbukaje, na haijawahi kumwona? — aliuliza Pius.

— We ijaribu, bwana!

Ikajaribiwa. Akatokea mwanamume nadhifu, nywele nyeusi tii, kovu la Mayala la kwenye unyusi limefutika. Waya alikuwa ameshavua kofia; akaivaa tena.

— Huyu — alisema polepole — hajawahi kunishonea suruali.

Hatukumwona Dorotea akija. Tukainuka sote.

— Pole sana, shemeji.

— Asanteni. Nimeshapoa.

Pius akaifunga haraka picha ya yule mgeni. Kiooni ikabaki ile picha ya mkato wa kwanza.

— Huo si mkono wangu?

— Ni wako, shemeji — nilisema. — Tulikutoa. Tuliona mtu aliye hai asitangulie na marehemu.

Dorotea akakisogelea kioo.

— Kwani kesho mimi sitakuwapo?

Tume akakiweka kikombe chake chini.

Pius akaiinamia kompyuta. Akaanza kuuvuta nyuma ukingo wa picha: ukarudi mkono wote, kikarudi kiwiko, kikarudi kitenge cha harusi, hata Dorotea akasimama mzima kando ya mumewe. Mashine ikavuma, karatasi ikatoka.

Uso wa Mayala ulikuwa mdogo kuliko tulivyotaka. Kovu lilionekana.