Gaudence Nizigama, Mama Laura (1961–2014), Aliyetaka Wajukuu Wacheke kwa Kifaransa

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yetu hakupenda maneno marefu, wala hakumwamini sana anayesoma karatasi hii. Msomaji ni Jacinto, mdogo wa mumewe. Shemeji ni mtani, na mtani hafungwi mdomo msibani. Tuvumiliane.

Marehemu Gaudence alizaliwa tarehe 2 Februari 1961 katika mtaa wa Bwiza, Bujumbura, nchini Burundi. Kiswahili alikiokota mtaani. Kifaransa alikipata kwa baba yake, karani wa posta, aliyewasomea wanawe vitabu vya katuni kila Jumapili huku akiigiza sauti za wote, hata za mbwa. Vita vya 1993 vilimchukua baba huyo. Vitabu viliungua na nyumba, na Gaudence akabaki na zile sauti tu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bwiza, akahitimu ualimu mwaka 1980, akafundisha watoto wadogo miaka kumi na minne. Jumamosi tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na Custódio Nantimbo, mchonga vinyago wa Kimakonde aliyefika Bujumbura kuuza kazi zake. Mwezi wa Novemba 1994 walihamia hapa Palma, Msumbiji, kwao Custódio, na watoto wawili, Laura na Zacarias.

Cheti chake cha ualimu hakikumsaidia, kwa sababu hakujua Kireno. Basi akanunua cherehani, akashona sare za shule. Walimkatalia kuwafundisha watoto wetu, akawavisha.

Lakini Kifaransa hakukiacha. Jacinto alimwambia mbele ya watu, "Shemeji, hicho Kifaransa hapa Palma utakila na nini?" Akajibu bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Nitakila na wewe ukinitolea macho. Watoto hawa kwa baba ni kwao, na kwa mama ni kwao pia, hata kama ni mbali."

Kila mfanyabiashara Mkongo aliyepita, Gaudence alimwagiza vitabu vya picha vya Kifaransa. Vilikuja vimechanika, bila kurasa za mwisho, na watoto wakawa wanabuni mwisho wao wenyewe. Alikuwa na kipimo kimoja: anabandika ugali, anafungulia kaseti ya hadithi au kitabu, na ugali ukiiva mtoto hajacheka, kitu hicho kinatoka nyumbani kwake. Hakuna rufaa.

Kisha mwaka 2010 na kuendelea, gesi ikagunduliwa baharini. Wageni wakajaa, wengine wakisema Kifaransa, nacho kikapanda cheo ghafla. Jacinto yule yule akaja mbio na diski ya masomo. "Wafundishe wajukuu kwa hii, wapate kazi!" Wajukuu wakapiga miayo. Ugali ukaiva. Gaudence akaichukua diski, akaizungushia kitambaa, akaiweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukiyumba. Ipo pale mpaka leo. "Kazi wataitafuta kwa lugha yoyote," alisema. "Hii ya baba yangu ni ya kucheka."

Mwaka jana mjukuu wake Arlete, binti wa Laura, aliitwa "wa kuja" shuleni. Tangu siku hiyo akawa anamjibu bibi yake kwa Kireno tu. Jambo hilo lilimuuma marehemu kuliko kisukari alichokuwa nacho tangu 2009. Hakumlazimisha. Fundi simu Mkongo wa mji jirani wa Mocímboa alimjazia hadithi za Kifaransa kwenye simu, naye akawa anaitumbukiza simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ivume ua mzima. Arlete alikuwa akikaa nyuma ya ukuta, amegeuza mgongo, lakini haondoki.

Tarehe 28 Februari mwaka huu hali yake ilibadilika, akapelekwa hospitali ya Mocímboa da Praia. Jumanne tarehe 4 Machi Arlete alimletea simu na sufuria. Hadithi ilifika pale fisi amenasa kichwa ndani ya chungu cha mama mkwe, na betri ikaisha. Arlete akatazama ukutani, akaanza kuiendeleza mwenyewe, kwa Kifaransa: sauti ya fisi, ya mama mkwe, mpaka ya mbwa. Jamani! Bibi yake alicheka mpaka machozi, mpaka muuguzi akaja kumkaripia. Jacinto alikuwa mlangoni na chombo cha uji. Hakuelewa hata neno moja, naye akacheka mpaka uji ukamwagika.

Marehemu aliaga dunia Ijumaa tarehe 7 Machi 2014, alfajiri, Laura akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Custódio. Watoto wawili, Laura na Zacarias. Wajukuu wanne, wa kwanza wao Arlete. Na shemeji mmoja mbishi, aliyeshindwa miaka ishirini mfululizo na leo anakiri mbele yenu. Mwenyezi Mungu amlaze kwa amani, huko aliko baba yake.

Sasa Arlete atamuaga bibi yake kwa Kifaransa. Njoo mbele, mjukuu wangu, usitazame ukuta. Na atakayeuliza Kifaransa hicho kinatufaa nini Palma, aje aniulize mimi, Jacinto.