Barua ya Mtunzi Ambayo Hakuiandika

Sogezeni viti, wanangu, msikae kule mlangoni kama watu waliokuja kudai. Sauti iliyobaki ni ndogo na sitaki kuimaliza kwa kupiga kelele. Mwombeni jirani apunguze redio. Akikataa mwacheni, na yeye ana haki ya kufurahi. Daktari alizungukazunguka na maneno yake jana, eti tutaangalia, eti tuvute subira, lakini mimi nimefanya kazi na waigizaji maisha yangu yote, namjua mtu anayesema maneno asiyoyaamini. Kwa hiyo nisikilizeni leo, wakati akili bado ni yangu.

Nyumba hii ni yenu wawili, na mkiigombania mtakuwa mmenizika mara mbili. Cherehani ni ya binti yangu, hata kama hajui kutunga uzi. Atajifunza, au atawekea maua juu yake, shauri yake. Hayo ni mepesi. Mazito yako kabatini, kwenye majalada yale ambayo mlipokuwa wadogo niliwakataza kuyagusa mkiwa na mikono ya mafuta.

Mnazijua zile barua kwa sura, hamzijui kwa historia. Nilikuwa fundi wa mavazi wa ukumbi wa michezo, na chumba changu cha kazi kilikuwa chini ya jukwaa, chumba kisicho na dirisha, kinanuka poda, jasho na pasi ya moto, na michezo yote ya ukumbi ule niliisikiliza kupitia mbao za juu, nikijua nani anatembea kwa mlio wa viatu nilivyomchagulia mwenyewe. Kulikuwa na mama mmoja mwigizaji, mtu mzima, tulimwita Malkia kwa sababu hakupewa nafasi nyingine. Siku moja alichana mkono wa gauni nililolishona wiki nzima, katikati ya mchezo, na mimi kule chini nikasikia kitambaa kinavyolia. Nilimngoja na maneno yangu mdomoni. Hakuja. Asubuhi nikakuta gauni limetundikwa, na kwenye ule mkono uliochanika kuna karatasi imebanwa kwa pini: “Fundi, mkono ulikuwa sawa, hasira yangu ndiyo haikuwa saizi yake. Nisamehe.” Chini akatia saini kubwa ya kimalkia. Hasira zikaniyeyuka. Nilishona ule mkono, na ile karatasi nikaitia kifuani, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Baada ya hapo nikanogewa. Nikawa nawaandikia wenyewe, waigizaji, waongozaji, watunzi wa nyimbo za jukwaani, na ndani ya bahasha natia bahasha nyingine yenye stempu, wasipate kisingizio. Wengine walijibu kwa mstari mmoja, wengine kurasa kwa kurasa, na bwana mmoja maarufu alinijia juu: “Saini yangu unaitakia nini, unataka kunifungulia akaunti?” Akaisaini barua hiyohiyo ya matusi, nami nikaiweka. Nyingine niliziokoa kwa muuza karanga, aliyenunua makaratasi ya mwongozaji mmoja aliyekufa bila watu na kuyafanya vikoni vya kufungia karanga. Nilinunua karanga hadi tumbo likanivuruga. Baba yenu, Mungu amlaze pema, alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba wake wa wenzake wanaficha vitenge, wake yeye anaficha miandiko ya wanaume.

Mnaniuliza kila siku kwa nini nilikosana na mjomba wenu. Nilikuwa nawajibu kwamba ni mambo ya wakubwa. Sasa na nyinyi ni wakubwa.

Mjomba wenu alikuwa mchora mabango wa ukumbi wetu, na Mungu alimpa mkono. Tukiwa shuleni aliandika barua ya ruhusa kwa mwandiko wa baba, na baba mwenyewe alipoonyeshwa akakuna kichwa akisema hakumbuki alipoiandika. Tulicheka, nyumba nzima ikacheka. Nampenda, hilo msilikosee. Nilimbeba mgongoni kabla sijajua kufunga kamba za viatu vyangu.

Basi kulikuwa na Mtunzi. Jina lake mnalijua, lipo kwenye mlango wa ukumbi hadi leo, sina haja ya kulitaja. Alinipenda kwa sababu sikumwogopa, akawa ananiandikia vijibarua kuhusu makoti ya waimbaji, kuhusu paa lake linalovujia piano, kuhusu mgongo wake. Hakuna hata kimoja chenye jambo la maana. Alipofariki watu wakaanza kutafuta kila alichokiandika, na kila mwenye mfuko alitaka kipande chake. Mjomba wenu akaja kwangu, akaniomba barua moja, ile ya paa, akasema, “Dada, naichorea bango la kumbukumbu. Nitakurudishia.” Na kweli alinirudishia, safi, haina hata kunjo.

Halafu ukumbi ukafanya maonyesho ya kumkumbuka. Nilikwenda nimevaa vizuri, kwa sababu walikuwa wameniazima karatasi zangu kadhaa. Zile zangu zilikuwa zimesogezwa pembeni. Katikati, peke yake ndani ya kabati la kioo, ilikuwapo barua ambayo sijawahi kuiona. Ilikuwa ya mapenzi. Mtunzi anamwandikia mwigizaji mmoja wa kike, marehemu naye, asiyeweza kujitetea; anamwambia kwamba nyumbani kwake anaishi kama mpangaji, na kwamba nyimbo zote, zote, alizitunga kwa ajili yake yeye. Na chini ya kioo, kikadi: kutoka mkusanyiko wa Fundi. Yaani mimi.

Nilisogeza uso hadi pua ikagusa kioo. Mwandiko ni wa Mtunzi. Saini ni ya Mtunzi, na ule mkia wake mrefu. Lakini wanangu, ule mkia nilikuwa naujua. Kwenye barua yangu ya paa Mtunzi aliishiwa nafasi, akafika ukingoni mwa karatasi, mkia ukageukia juu kama wa panya aliyegonga ukuta. Hapa karatasi ilikuwa na nafasi ya kutosha, peupe hadi mwisho, na bado mkia ulikuwa umegeukia juu, mahali palepale.

Kabla sijapata pumzi, akaingia mjane wake. Watu wakampisha. Alivaa miwani yake, akainama juu ya kioo, akasoma. Akasoma tena. Halafu akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayeulizia njia: “Fundi ni nani hapa?” Wakanionyesha kwa vidole.

“Ulikuja jikoni kwangu,” akaniambia. “Ulimpima koti mume wangu, nikakupa kiti changu mimi nikasimama. Siku ile ulikuwa nayo hii?”

“Si yangu, mama. Naiona leo.”

“Jina lako limeandikwa hapa.”

Nilitaka ardhi ipasuke. Niliondoka mbio nikiwa na viatu vya kwenda maonyesho, hadi karakana ya mjomba wenu. Nilimkuta juu ya ngazi anapaka rangi herufi kubwa. Sikumsalimu. Nikamwuliza umeuza ngapi, akasema ni hiyo tu, alimwuzia dalali, na dalali ndiye aliyetaka jina langu ili watu waamini. Akateremka, akafuta mikono, akasema, “Dada, ni karatasi. Wote wawili wameshakufa, imemdhuru nani?”

“Mjane hajafa.”

Nikamwambia twende sasa hivi, mimi na wewe, ukamwambie kwa mdomo wako. Nikamshika mkono. Mkono ulikuwa bado una rangi mbichi. Akasema, “Watanifunga, Dada.” Nikamwambia nitakwenda nawe hadi polisi, nitakuletea chakula, nitakulelea watoto, lakini yule mama asilale na maneno yale. Akarudi juu ya ngazi. Ndiyo, alipanda ngazi, akaendelea kupaka rangi, na mimi niko chini nimemkodolea macho.

Basi nilirudi peke yangu. Nikamwomba meneja wa ukumbi aweke barua yangu ya paa kando ya ile nyingine, nikaonyesha mikia miwili mbele ya watu, na nilipoulizwa nani, nikasema. Mjomba wenu alifungwa. Wifi yangu akachukua watoto akaenda kwao, hakurudi. Na bibi yenu, mama yangu mzazi, aliniambia maneno ambayo hadi leo yakinijia nakosa pa kugeukia: “Umemwuza mwanangu kwa ajili ya makaratasi.” Alikataa kula mkononi mwangu hadi alipokufa. Mlikuwa mnaona nampelekea sahani na kuirudisha, mkadhani hana hamu ya chakula.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Mtasema, mama, angalau mjane alipona. Hata mimi nilidhani hivyo. Ukweli umejulikana, jina la mumewe limesafishwa, gazeti limeandika. Siku moja akaja hapa nyumbani, akaniomba barua zote za mumewe, za kweli. Nikampa meza, nikampa chai, akakaa mchana kutwa anasoma habari za paa na mgongo. Nikajua anatafuta nini. Alikuwa anajitafuta mwenyewe. Aliona mahali mumewe ameandika kwamba koti lipanuliwe kidogo kwa sababu mke wangu amekataa kunipunguzia chakula, akacheka, akacheka hadi machozi, nami nikacheka, nikafurahi moyoni. Halafu akavua miwani.

“Fundi,” akasema, “umenithibitishia kwamba barua ile ni ya uongo, nakushukuru. Lakini nimeshaisoma. Sasa kila nikisikia wimbo wake namwona yule mwanamke. Hilo nani atanithibitishia?”

Nilishika birika tu.

Baadaye nikasikia kwa jirani yake kwamba alitoa barua zote ambazo mumewe alimwandikia yeye, tangu uchumba, akazichoma nyuma ya nyumba. Hakuweza tena kuzisoma bila kuuliza. Mnanielewa? Za mapenzi za kweli ndizo zilizoungua. Duniani zimebaki za paa, na ile moja ya uongo. Ndivyo mjomba wenu alivyofanya, na ndiyo maana nilipomkuta barabarani baada ya kifungo, amekonda, nilivuka upande wa pili.

Sasa shikeni nisemayo. Mwanangu wa kiume, najua habari za yule bwana wa gari jeupe anayekuletea soda na kukuita mheshimiwa. Anataka barua mojamoja, atazitawanya, na baada ya mwaka kutakuwa na za Malkia mara tatu ya nilizo nazo. Usimwuzie hata bahasha. Zote ziende chuo cha sanaa, pamoja, vijana wazisome. Ya bwana wa akaunti pia, wajue kwamba wakubwa nao walikuwa na midomo michafu. Jalada jekundu si letu. Niliazimwa na familia ya mpiga zeze, warudishieni na muwaombe radhi kwa kuchelewa.

Na ile ya uongo iende nayo. Ukumbi ulinikabidhi, ipo chini kabisa. Msiichane. Binti yangu, wewe una mkono wa kuchana, nakujua. Mkiichana, kesho atatokea mtu aseme ilikuwa ya kweli na mshonaji aliificha. Iandikeni kwa herufi kubwa: hii hakuiandika yeye. Iwekeni kando ya ile ya paa, mikia ionekane.

Bado moja. Mnisogelee... hapo. Wiki iliyopita alikuja mzee getini, na wewe binti yangu ukamwambia hapa hakuna mtu wake. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia sauti yake na nilisikia yako. Hukukosea, sikuwa nimekufundisha vingine. Lakini nimeuliza, nimeambiwa analala kwenye stoo ya duka la rangi, na yule mwenye duka anataka stoo yake.

Chumba cha nyuma ni chake. Hadi afe. Nyumba ni yenu, lakini chumba kile msikipangishe, msikijaze masanduku. Usinitazame hivyo, binti yangu. Na usiseme, “Mama, baada ya yote.” Yote nayajua kuliko wewe. Sikwambii umpende. Wala sikwambii kwamba mimi nimemsamehe. Nimelala hapa nikijipima kila siku, na bado sijui. Nikimkumbuka juu ya ile ngazi nakasirika upya, kama leo. Lakini sitaki alale nje. Hayo ni mambo mawili, na mtu anaweza kuwa nayo yote.

Akiuliza kama nilisema neno juu yake, msimtungie. Mwambieni nilitaja chumba.

Nimechoka sasa. Nishikeni, wote wawili, huku na huku. Mungu awape riziki isiyowatoa macho. Awape watu wa kuwaandikia, na wa kuwajibu. Wewe mdogo, upate mke atakayekucheka usoni. Wewe mkubwa... moyo wako ulegee kidogo, mwanangu, kidogo tu, usije ukachoka mapema kama mimi. Mlichonikosea nimekifuta. Mfute na changu.

Mnizike kwa haraka, bila hotuba. Hotuba nimezisikia nyingi... kupitia mbao.

Na chumba kile... dirisha lake halifungi vizuri, baridi inaingia. Yeye tangu utotoni... kifua. Mpeni lile blanketi zito. Siyo la zamani. Hili. Hili langu.