Baba Yetu na Miwani ya Sanduku la Tatu

Ndugu, jamaa, majirani, wanaklabu na nyote mliofika, familia imenipa mimi, kitinda mimba, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, na kwa kuwa marehemu hakupenda tarehe za kukisia, kila tarehe mtakayoisikia nimeilinganisha na karatasi yake, na pale ambapo karatasi inabishana na watu nitawaambia.

Inabishana tangu mwanzo. Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, siku ya Jumamosi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili wa seremala na mkewe. Cheti kinasema tarehe 10, lakini shangazi, dada yake mkubwa, ambaye yupo hapa mstari wa mbele na ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, anashikilia kwamba karani aliandika siku aliyopelekewa habari na si siku mtoto alipolia, na Baba mwenyewe aliikubali tarehe 9, akisema kwamba shahidi aliyekuwa mlangoni anamshinda karani aliyekuwa ofisini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, na akiwa na miaka kumi na miwili alitengeneza mizani yake ya kwanza katika karakana ya babu, kwa rula ya mbao na vifuniko viwili vya kopo, na shangazi anasema tangu siku hiyo hakuna mtu katika nyumba ile aliyepata kipande kikubwa cha mkate kwa ujanja. Aliendelea na sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, kisha akajiunga na chuo cha vipimo na mizani, alikohitimu mwezi Novemba 1972, akiwa wa tatu katika darasa la watu ishirini na mmoja.

Tarehe 3 Januari 1973 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini kasoro siku mbili, akitembea duka kwa duka na soko kwa soko na sanduku la mawe ya kupimia mkononi, hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2012. Wafanyabiashara walimpa jina la Mzee Gramu, wengine kwa heshima na wengine kwa kumkomoa, na yeye aliitikia yote mawili sawasawa. Neno lake dukani lilikuwa moja, kwamba kabla hujaweka kitu chochote juu ya mizani hakikisha mshale umekaa kwenye sifuri, kwa sababu mizani iliyoanza vibaya inaendelea kudanganya kwa uso mkavu.

Ni mizani pia iliyomkutanisha na mama. Mwezi Machi 1979 aliingia katika duka la babu mzaa mama, akamkuta mama kaunta anapima sukari, na alipokagua akagundua kwamba mizani ile inampunja mwenye duka, kila kilo ilikuwa inatoka na gramu ishirini za ziada. Alipoanza kuandika ripoti mama alimuuliza, "Kwa hiyo nikamatwe kwa kuwazidishia watu?" Baba akairekebisha mizani, akabandika muhuri, halafu ndani ya mwezi huo akarudi mara tatu kukagua mizani ambayo muhuri wake ulikuwa bado mbichi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Novemba 1980, wakajaliwa watoto wanne, kaka mkubwa mwaka 1982, dada mwaka 1985, kaka wa pili mwaka 1989, na mimi mwaka 1997, nikiwa nimechelewa, kama alivyopenda kusema, kwa miaka minne na zaidi ya walivyopishana wenzangu.

Mwezi Februari 1994 marehemu alijiunga na klabu ya huduma ya mtaa wetu, ile ya fulana za bluu, ambayo wengi mnaijua kwa siku za kuchangia damu, kwa usafi wa mifereji kabla ya mvua na kwa matembezi ya hisani ya kila Julai, ambapo yeye ndiye aliyepima njia nzima kwa kusukuma gurudumu, akakuta kwamba kilomita kumi tulizokuwa tukijisifia zilikuwa tisa na mita mia moja sitini. Waliotembea miaka ya nyuma hawakufurahi.

Lakini kazi aliyoiweka moyoni ilikuwa Siku ya Miwani, iliyoanza mwaka 2003. Watu wenye miwani wasiyoitumia tena wanailetea klabu, inaoshwa kwa sabuni, inapimwa lenzi kwa mashine tunayoazimwa na muuguzi wa macho wa zahanati, kisha kila moja inatiwa kwenye bahasha yenye namba ya nguvu yake, ili siku yenyewe mtu akishapimwa macho apewe bahasha yenye namba inayomfaa. Baba aliweka utaratibu wake hapo, kwamba namba ya kipimo cha kwanza inaandikwa kwa penseli, miwani inapimwa tena siku ya pili na mtu mwingine, na namba zikilingana ndipo inaandikwa kwa wino.

Jana mchana familia ilijadiliana kama sehemu inayofuata isomwe mbele yenu, maana kaka mkubwa aliona kwamba msiba si mahali pa kutaja kosa la mtu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Isomwe. Yeye mwenyewe aliisema mbele ya klabu nzima." Kwa hiyo ninaisoma.

Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, wanaklabu walipokuwa wakipima miwani ya sanduku la tatu, mashine ilihamishwa kutoka meza ya dirishani kwenda meza ya ndani kukwepa jua, na aliyeihamisha ni Baba, na baada ya kuihamisha hakuirudisha kwenye sifuri. Ijumaa zahanati iliihitaji mashine yake, kipimo cha pili cha sanduku hilo hakikufanyika, Siku ya Miwani ilikuwa kesho yake na watu walishatangaziwa, naye kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini akapitisha wino juu ya penseli. Jumamosi tarehe 11 watu mia moja na kumi na wawili walipata miwani. Jumatatu mashine iliporudi alipima miwani iliyobaki katika sanduku lile, akapima tena, kisha akakaa chini, kwa sababu kila moja ilikuwa na nguvu zaidi ya ilivyoandikwa kwa kiasi kilekile, moja na nusu. Watu thelathini na wanane walikuwa wametoka kwetu wakishukuru, wamevaa miwani isiyo yao.

Mwenyekiti wa klabu, ambaye amenipa ruhusa kulisema hili, alimshauri asijitese, akamwambia, "Mzee wangu, wameipata bure, asiyeona vizuri si atarudi tu?" Baba akamjibu, "Aliyepewa bure hadai. Atasema macho yake ndiyo mabovu. Hao ndio wa kuwafuata."

Akawafuata. Aliyekuwa na simu alipigiwa, asiye na simu alitafutwa kwa miguu, na ilikuwa kama alivyosema, kwa sababu kati ya waliopatikana hakuna hata mmoja aliyekuwa ameilaumu miwani. Dereva wa lori alikuwa akimeza dawa za kichwa kila siku, mhasibu mmoja alikuwa ameanza kuandika barua ya kuacha kazi, na bibi mmoja alikuwa ameambiwa na wajukuu kwamba uzee umeingia, naye amekubali. Mzee mmoja alipatikana lakini akagoma kuirudisha, akidai fremu imemkaa usoni kuliko zote alizowahi kuvaa, ikabidi Baba atafute lenzi nyingine za kutiwa humohumo. Hadi kufikia mwisho wa Juni walikuwa wamepatikana watu thelathini na saba.

Hajapatikana mmoja. Katika daftari la kuandikisha, jina lake limelowa maji na halisomeki, kinachosomeka ni kwamba ni mwanamke wa makamo, ni mshonaji, hana simu, anatoka upande wa kiwanda cha sabuni, na alipewa miwani ya kusomea iliyoandikwa mbili, ambayo kwa kweli ni tatu na nusu. Baba alikwenda upande huo mara kumi na tisa, akiingia kila chumba chenye cherehani, hata mafundi wakaanza kumtania kwamba mzee huyu anatafuta mke wa pili, naye akacheka nao na kuwauliza tena.

Miguu yake ilianza kuvimba mwezi Juni, naye akasema ni kutembea. Tarehe 14 Agosti daktari alituambia kwamba moyo umetanuka, na Jumanne tarehe 5 Septemba alilazwa. Kila asubuhi kaka mkubwa alipoingia wodini swali la kwanza lilikuwa, "Amepatikana?" na wiki ya pili, alipokuwa akihema kwa shida, shangazi, kwa huruma tu, alituomba tumwambie kwamba amepatikana ili moyo wake utulie, nasi tukakubaliana. Jumatatu tarehe 18 kaka akamwambia. Baba alifumba macho, tukadhani moyo umetulia, kisha akayafumbua na kuuliza, "Namba yake sasa ni ngapi?" Tulikuwa watu watano kuzunguka kitanda kile na hakuna aliyekuwa amefikiria namba. Alinitazama mimi, nikasema, "Bado, Baba." Akasema, "Haya. Sasa tunajua tulipo." Hakumkasirikia mtu, alimshika shangazi mkono, na akataka aletewe daftari aone tena ile sehemu iliyolowa.

Alifariki Alhamisi tarehe 21 Septemba 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, mwezi mmoja na siku kumi na mbili, kwa hesabu ya shangazi. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu sita.

Familia inawashukuru daktari wa moyo na wauguzi wa wodi namba nne, ambao walimvumilia mgonjwa aliyetaka kuona mshale wa mizani kabla ya kupimwa uzito, inawashukuru majirani waliopokea wageni majumbani mwao tangu Alhamisi, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya vipimo, na wanaklabu, ambao wamekuja na fulana zao za bluu kwa ombi la mama. Tunamshukuru kwa namna ya pekee muuguzi wa macho, aliyefika leo na mashine yake, ambayo ipo kwenye meza iliyo kushoto kwa lango, ameirudisha kwenye sifuri na mwenyekiti amehakiki.

Mmetoka mitaa mingi, na sijui kama tutapata tena siku ya kuwa na watu wengi hivi mahali pamoja. Kama ni wewe, au kama unamfahamu mama anayeshona akiwa ameinamisha uso hadi karibu na sindano, anayelalamika kichwa, anayesema macho yake yamekwisha, tafadhali mwambie kwamba macho yake huenda hayana kosa lolote, kosa ni letu, na tunamsubiri. Meza itabaki pale mpaka mtu wa mwisho atakapoondoka, na kuanzia Jumatatu nitakuwa upande wa kiwanda cha sabuni.

Baba, wewe pumzika kwa amani. Sisi bado.