Bi Pindo, Fundi Aliyesema "Nikimaliza Sare Nitakwenda"

Jamani, nani angedhani leo tungekuwa hapa? Marehemu dada yetu, fundi cherehani aliyezoeleka kwa jina la Bi Pindo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, binti wa kwanza wa mwashi na muuza mboga.

Alimaliza sekondari mwaka 2002, akajifunza ushonaji, na mwaka 2006 akafungua chumba chake nyuma ya duka la vitambaa. Hakuweza kuona pindo limefumuka akanyamaza. Siku moja alimsimamisha fundi rangi aliyekuwa akijipitia zake: "Kaka, hutoki hapa na suruali hiyo!" Akashonewa. Kesho yake kaka akarudi na suruali isiyo na kasoro yoyote. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 2008, wakajaliwa mabinti wawili.

Oktoba mwaka jana tumbo lilianza kumsumbua upande wa kulia. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha uvimbe wa maji kwenye ovari. Daktari alimtoa hofu: haukuonekana kuwa saratani, na uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hunywea wenyewe. Desemba ulikuwa umekua, akapangiwa upasuaji. Akaahirisha. "Watoto wa watu waende shule uchi? Nikimaliza sare nitakwenda." Daktari akamwonya: maumivu yakija ghafla pamoja na kutapika, asisubiri hata kidogo.

Jumamosi iliyopita yakaja, akatapika. Mchana yakatulia. Mdogo wake, anayesoma wasifu huu, alimsihi waende hospitali, lakini dada akamcheka. "We naye! Umeshapasuka kama jipu. Sasa napona." Nyumba nzima ikashusha pumzi. Kumbe uvimbe ulikuwa umejisokota ukapasuka, na damu inavuja ndani kimyakimya. Alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 11 Januari 2026, mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Kifo hakibishi hodi, lakini hiki kilibisha, nasi tukadhani kimeondoka.

Mama zetu, dada zetu, shangazi zetu: tumbo likiuma hivyo kisha likatulia, msishangilie. Nendeni.

Ameacha mume, mama mzazi, ndugu wanne na mabinti wake. Leo asubuhi binti yake mdogo, akivalishwa viatu, aliuliza, "Si mama alisema anapona? Sasa tunamzika nani?"

 

Dada, pumzika kwa amani. Sisi huku bado hatujaamini.